Mshika Kamba

Piano iliingia Mkomani kwa punda wanne
na matusi ya watu sita.
Kwenye kona ya nyumba ya kina Shekue ikakwama.
Nikaitwa mimi, fundi wa chokaa,
nikwangue ukuta vidole viwili ipite.
Nikakwangua. Kovu lile lipo hadi leo.
Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa.

Mwenye piano ni Zeituni binti Bunu:
mtunzi, mpigaji, mpanda milima.
Hilo la tatu mama yake hulisema kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja deni.

Kisiwa chetu hakina mlima.
Kina mchanga wa Shela, kina ngazi za minara,
kina madari.
"Lali," akasema, "zidaka hizi zitanibeba?"
Nikagonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole,
kama mnunuzi wa nazi.
Hiki, naam. Hiki, naam.
Hiki kimezoea uzito wa kikombe tu, mwache.
Kila jibu akalitia kwenye karatasi ya mistari mitano;
penye kidaka kibovu, akaandika kimya.

Usiku wa kwanza walikuja watu arobaini,
mikeka kiwandani, viti vya plastiki vya arusi.
Akaanza chini kabisa, mkono wa kushoto peke yake:
msitu, mianzi, tope la magotini.
Kisha akasema. Hakuimba, alisema:

"Mita elfu tatu. Chai inachemka kabla haijawa moto.
Mita elfu nne. Nimesahau jina la shangazi yangu.
Maji niliyoyajua kwa chumvi
hapa ni jiwe, nalikanyaga, linalia."

Watu wakacheka.
Kisha wakaacha kucheka,
maana alikwisha kuvua viatu,
kamba kiunoni, imepita juu ya boriti niliyoilaza mwenyewe,
na ncha yake nyuma ya pazia,
mkononi mwangu.

Sijaliona onyesho lile hata mara moja.
Mlima naujua kwa kiganja.
Hapa anapumzika. Hapa anaigiza hofu.
Hapa haigizi.
Hapa ananing'inia kidaka cha pili, mguu unapapasa hewani,
na wallahi, nasikia noti:
amekipiga kibonye kwa kidole gumba cha mguu,
halafu kingine, halafu kimya,
nami najua ni kidaka kipi.

Akafika alipofika, akanyamaza.
Bi Sauda wa Langoni hakuvumilia.
"Ulifika, mwanangu, kule yuu?"
"Sikufika, bibi. Zilibaki mita themanini.
Wingu likashuka, tukageuka."
"Sasa umetukalisha saa mbili mbu watuume
uje utwambie hukufika?"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko.
Kamba ikatikisika kiganjani:
naye alikuwa akicheka, kule kule juu.

Kuna jambo sijalisema.
Kibonye cha mwisho upande wa kulia,
cha themanini na nane,
waya wake uliliwa na chumvi mwezi ule ule wa kwanza.
Nilimwambia tumwite fundi kutoka Mombasa,
nauli nitachanga hata mimi.
Akasema, hicho kiache.

Basi akashuka, nami nikimpa kamba kidogo kidogo.
Nikasikia nyayo zake sakafuni, benchi likilia,
na mkono wa kulia ukipanda, noti nyembamba, nyembamba zaidi,
mpaka pale ambapo hapana kitu.
Akakipiga.
Tok.
Mti mtupu.
Akangoja. Tok, tena.
Kama mgeni anayebisha
na hajui wenyewe wapo au wamehama.

Na Bi Sauda, kwa mazoea tu,
bila kuinua uso kwenye kipepeo chake, akaitika:
"Karibu."

Kamba ikalegea.
Nikabaki nimeishika,
sijaambiwa niachie lini.